Dirisha la Msamaha

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na watu wachache, na hata hao walilitumia kwenye misiba tu. Kwa wengine wote alikuwa Mama Bure.

Jina hilo lilizaliwa langoni mwa shule. Shule yenyewe ilikuwa ya binafsi, lakini si ile ya magari meusi na madirisha ya vioo. Ilikuwa ya watoto wa madereva, wauguzi na wenye maduka madogo, watu ambao mshahara wao huaga kabla ya mwezi. Kila mtoto aliyeandikishwa alipewa sare moja mwanzo wa mwaka, imeshonwa kwa vipimo vyake mwenyewe, na gharama yake ilikuwa imo ndani ya ada. Baba mmoja, siku aliyokabidhiwa gauni la bintiye, alilinyanyua juu akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mshukuruni mama huyu, katushonea bure." Wenzake wakacheka, na jina likakaa kama doa la mafuta kwenye kitambaa cheupe. Ukilisugua, linatanuka.

Yeye hakulipenda. "Bure ni kitu cha kuokota," alikuwa akisema. "Mimi nimeokotwa wapi?"

Chumba chake cha ushonaji kilikuwa nyuma ya madarasa, kati ya stoo ya viti vibovu na tangi la maji. Meza ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya miguu minne, tundu la kitasa bado lipo, na mikasi ilipenda kutumbukia humo. Kulikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme iliyokuwa na tabia ya kususa. Majora ya kitambaa cha buluu yaliegemea ukutani. Watoto waliingia mmoja mmoja kupimwa, naye aliwapima huku pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo alizungumza nao kwa nyusi. Nyusi moja juu: geuka. Zote mbili: acha kucheka, utachomwa. Alijua nani kanenepa, nani kakonda tangu likizo, na nani anajikunja akiguswa bega. Hayo ya mabega hakuyasema kwa watu. Alimfuata mwalimu wa darasa pembeni akamnong'oneza, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Alikuwa ameingia shuleni hapo tangu ilipokuwa vyumba vya kupanga. Mwalimu Mkuu alimkuta barazani kwake akishona mapazia ya watu, akasimama muda akitazama mkono unavyokwenda, halafu akasema, "Nataka watoto wangu wafanane. Asijulikane nani mwana wa nani." Maneno hayo yalimwingia. Akafunga baraza, akabeba cherehani yake ya kukanyaga juu ya mkokoteni, na tangu hapo kila buluu iliyopita kwenye mtaa ule ilikuwa imepita kwanza mikononi mwake.

Angeweza kuridhika. Lakini alikuwa na dada.

Dada yake mkubwa alikuwa na kibanda cha nguo sokoni, na ulimi wa kukata bila mkasi. Kila Jumapili alikuja kumtembelea, akajitupa kwenye kiti chenye mto na kuanza.

"Haya, Mama Bure. Wiki hii umegawa ngapi?"

"Dada, usiniite hivyo."

"Nikuiteje basi? Mimi nauza, wewe unagawa. Mwenye kugawa hupewa asante. Asante unaipikaje?"

"Nina mshahara wangu."

"Hata mlinzi ana mshahara. Mimi naongelea heshima, mdogo wangu. Kwangu mtu mzima na kitambi chake anasimama pale, 'Bosi, punguza kidogo, bosi.' Wewe nani kawahi kukuomba umpunguzie?"

Hilo la kuombwa kupunguza ndilo lililomkaa moyoni. Kweli, hakuna aliyewahi. Watu walipokea nguo zake, wakazikunja, wakaondoka. Akawa anajisikiliza akikanyaga cherehani: bosi, punguza, bosi, punguza.

Sasa, majora yale ya buluu yalikuja shuleni bila kodi. Mwalimu Mkuu aliwahi kuwakusanya wafanyakazi wote akawaeleza. Shule ilikuwa na cheti cha msamaha wa kodi ya mauzo. Kila ilichonunua kwa matumizi yake, chaki, madawati, vitabu, hata kitambaa cha sare, dukani haikutozwa kodi. Sharti lilikuwa moja: kilichonunuliwa kwa msamaha kitumike shuleni, kisiuzwe.

Mlinzi alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Shule imekosa nini hata isamehewe?"

"Haijakosa kitu."

"Basi mimi ninayekosa kila siku mbona natozwa hadi kwenye kiberiti?"

Walicheka, mkutano ukavunjika, na chai ikanywewa. Mama Bure alicheka pia. Jambo lenyewe alilielewa nusu, na nusu hiyo aliiona inamtosha.

Kulikuwa na kitu kidogo ambacho hakuna aliyekifikiria. Watoto huchana nguo. Wengine hupanda miti, wengine hukua usiku mmoja kama uyoga. Mzazi aliyetaka sare ya pili kabla ya mwaka kwisha alikwenda ofisini akailipia, na Mama Bure akaishona kwa kitambaa kile kile. Hazikuwa nyingi. Lakini zilikuwa zimeuzwa, na kitambaa chake kilikuwa cha msamaha.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyeling'amua, siku aliposikia kwamba watu wa kodi wanazungukia shule za binafsi. Alikuja chumba cha ushonaji, akasimama mlangoni, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Fundi, hizi sare za pili zina mushkeli. Nimeshaandaa maelezo. Za kwanza tunagawa, hilo liko wazi. Za pili tutazilipia kodi yake, yaishe, na chumba hiki kitabaki kama kilivyo. Wakija wakikuuliza lolote, waelekeze kwangu."

"Nami nisiseme kitu?"

"Wewe shona tu."

Hakuwa na ubaya. Alisema huku akiondoka, kengele inalia, mtoto anamvuta shati. Lakini Mama Bure alibaki na maneno yale kama mtu aliyemeza pini. Wewe shona tu. Mchana kutwa kanyagio lilipiga kelele kuliko kawaida.

Mtu wa kodi alipokuja alikuwa peke yake, kijana mwenye shati safi ambalo kola yake ilikuwa imegeuzwa vibaya. Jicho la fundi lilianzia hapo. Mwalimu Mkuu alikuwa amempeleka zahanati mtoto aliyeanguka kwenye ngazi. Kijana hakutaka kukaa bure ofisini, akauliza njia, mlinzi akamwelekeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Natoka ofisi ya kodi. Nimeambiwa nimwone Mama Bure. Ndiye wewe?"

Pini zilikuwa mdomoni. Aliitikia kwa kichwa. Kama zingebaki humo, habari hii isingekuwapo.

Kijana alichukua shati lililokamilika, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. "Mama, hii ni kazi. Dukani kwa bei kubwa sijaona kola iliyokaa hivi." Akatazama rundo zima lililokunjwa mezani. "Na zote hizi unagawa tu? Bure?"

Alitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake wa sindano. Alijua kijana ni nani. Alijua ameambiwa amwelekeze wapi. Lakini kijana alikuwa amesifu kola kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akalitia lile neno juu ya sifa, na moyo wa Mama Bure ukakataa. Tena alijiambia, watu wa kodi si ndio wanaowafuata wenye biashara? Kwao anayeuza ndiye mtu.

"Mwanangu, hapa hakuna cha bure," alisema. "Mimi nauza."

"Unauza?"

"Nauza. Kila nguo unayoiona ikitoka mlango huo, nimeiuza."

"Kila nguo, mama?"

"Kila nguo. Wanakuja hapa wananiomba, bosi, punguza. Nakataa."

Kijana aliandika. Mama Bure aliona kalamu inakwenda na akajisikia ameongezeka kimo. "Na Mwalimu Mkuu?" kijana aliuliza, bado kwa adabu ile ile.

"Mwalimu ni wa chaki. Nguo ni mambo yangu."

Akamsindikiza hadi mlangoni, hata akamwambia amletee lile shati amrekebishie kola. Kijana alishukuru. Hakulileta.

Mwalimu Mkuu aliporudi, alikaa na kijana ofisini hadi watoto wakaenda nyumbani. Mama Bure alijikawiza akizungushia uzi bobini zilizokwisha kujaa. Alitegemea kuitwa, agombezwe, ajitetee. Mwalimu Mkuu alipita dirishani kwake akasema, "Fundi, umechelewa leo. Nenda ukapumzike." Sauti ilikuwa ya mtu aliyebeba kitu kizito na hataki kukitua mbele za watu.

Ni mlinzi aliyemwambia kesho yake, naye hakutania. "Mama, umesema unauza zote?"

"Nilisema tu."

"Basi tumekwisha. Wanasema shule inayouza kila nguo ni duka lenye madarasa. Ama msamaha ufutwe wote, madawati na vitabu tutozwe kodi, ada ipande. Ama chumba cha kushona kifungwe na shule isiuze hata kifungo."

Mama Bure alikaa juu ya gogo la mlinzi. Hapo ndipo alipoielewa ile nusu nyingine. Za pili zilikuwa kosa dogo lenye dawa yake, na dawa ilikuwa imeshachemshwa. Yeye amechukua kosa dogo akalivalisha shule nzima, vipimo sawasawa, kazi ya fundi.

Njia aliiona: aende mwenyewe ofisi ya kodi, amtafute yule kijana, amwambie alijisifu. Lakini kuliona jambo na kulitenda, kuna mto katikati. Jumapili alimweleza dada yake.

"Ukaseme nini?" dada alisema. "Kwamba ulikuwa unajikweza? Utachekwa na mji mzima. Kaa kimya. Mambo hupoa."

Akakaa kimya. Alishona, akangoja yapoe. Kila asubuhi alijisemea kesho, na kesho ikawa na kesho yake. Hakujua kwamba mambo mengine ni saruji: yakipoa ndiyo yamekauka.

Alipokwenda, alivaa gauni lake la heshima, akaazima na viatu. Ofisi ya kodi ilikuwa jengo refu lenye mabenchi ya chuma yaliyofungwa sakafuni kwa boliti, kana kwamba kuna mtu angeyaiba. Binti wa mapokezi alikuwa akila karanga chini ya kaunta.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha dirisha la mwisho, kulia."

Alipigwa na butwaa. Hakujua serikali ina dirisha la jambo hilo. Alifuata mkono, akakuta foleni ya watu wenye mafaili, wote nyuso za kawaida kabisa, hakuna aliyeonekana ametubu. Akasimama, akayapanga maneno yake. Mzee mmoja mbele yake, aliyekuja kwa niaba ya hospitali, aligeuka ili kupitisha muda.

"Wako ni wa nini, mama? Wetu wa vitanda."

"Wangu wa maneno."

Mzee alifikiri kidogo. "Maneno nayo yameanza kutozwa? Basi mke wangu amekwisha."

Zamu yake ilipofika, mwanamke wa dirishani hakuinua macho. "Cheti na namba ya taasisi."

"Mwanangu, mimi sina cheti. Nina kosa."

Foleni nzima ilicheka, si kwa ubaya, na mwanamke wa dirishani akainua macho hatimaye. Mama Bure alijieleza, jasho linamtiririka ndani ya gauni la heshima. Alipotaja kola iliyogeuzwa vibaya, yule mwanamke alimtambua kijana mara moja, akampigia simu.

Kijana alikuja, akamketisha kwenye benchi, akakaa pembeni yake badala ya mbele yake. Safari hii shati lilikuwa jingine.

"Mama, ulisema kila nguo. Kweli au si kweli?"

"Si kweli. Nauza za pili tu, tena siuzi mimi, wanalipa ofisini. Zile nyingine nagawa. Hakuna aliyewahi kuniomba nipunguze."

"Kwa nini ulisema vile?"

Alitazama viatu vya kuazima. "Uliniita jina ambalo silipendi."

"Mimi niliambiwa ndilo jina lako."

"Najua, baba. Hukukosa."

"Ungekuja wiki ile ile, ningeandika upya. Lakini Mwalimu wako alikuja juzi na jambo likaisha. Nilimuuliza kwa mdomo wangu: 'Huyu fundi wako alidanganya? Kama alidanganya, sema, nimwandike yeye, shule nimalizane nayo kwa zile za pili tu.' Unajua alinijibu nini?"

"Hapana."

"Alisema, 'Fundi wangu hasemi uongo.' Kisha akatia saini kukifunga chumba."

Karibu yao mtu alikuwa akigonga mihuri, tap, tap, tap. Mama Bure alisikiliza mihuri ile hadi ikakoma.

"Haiwezi kurudi nyuma?"

"Mama, ili irudi nyuma, lazima niandike kwamba mmoja wenu amedanganya ofisi. Wewe siku ile, au yeye juzi. Nimwandike nani?"

Mama Bure aliinuka. Kijana alimsindikiza hadi ngazini, akamwambia ashike reli, ngazi zimepigwa deki.

Alikwenda moja kwa moja shuleni. Alimkuta Mwalimu Mkuu ndani ya chumba cha ushonaji, mikono ya shati imekunjwa, anatoa ule mlango wa meza ya kukatia juu ya miguu yake minne. Chumba kilikuwa kinageuzwa darasa la wadogo. Majora yaliyobaki yalikuwa yamekwisha kurudishwa dukani, na ukutani palikuwa na alama safi pale yalipokuwa yakiegemea.

"Fundi, umefika wakati mzuri. Shika upande huo."

Alishika. Waliutoa mlango nje, wakauegemeza kwenye tangi la maji. Wakashusha pumzi, watu wazima wawili.

"Mwalimu, ungemwambia tu kwamba nilidanganya. Ni kweli nilidanganya."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Mwalimu Mkuu alijifuta vumbi kwenye magoti. "Ukiandikwa mwongo kule, nani tena angekuletea kitambaa chake? Chumba ni matofali, fundi." Akaongeza, "Na mimi nilikuambia ushone tu. Neno lile halikuwa zuri. Nililikumbuka baadaye."

Mama Bure alitaka kusema kitu. Alikuwa na maneno yaliyobaki ya kule dirishani, yale aliyokuwa ameyapanga foleni nzima, lakini yote yalikuwa ya ukubwa usiomtosha mtu huyu. Akauliza kama viti vya wadogo vimepatikana. Mwalimu Mkuu akasema vimepatikana, bila kodi. Kengele ikalia, Mwalimu akaenda darasani.

Siku hizi Mama Bure anakaa kibandani kwa dada yake. Wazazi wa shule ile sasa hununua sare popote wanapopata, na asubuhi mtaani hupita buluu za kila namna, ya bahari, ya wingu, ya bluu ya kufulia, na kwa kuzitazama tu unaweza kujua nani mwana wa nani. Watu humwambia, "Bosi, punguza." Yeye hupunguza haraka mno, kabla hata hawajamaliza kuomba, na dada yake humkanyaga mguu chini ya meza.

Dada yake pia amemfundisha kukata pindo jembamba, kidole kimoja tu. Pindo nene la kuteremshia mtoto akikua, alisema, ni kuwafukuza wateja: nguo ikidumu miaka miwili, mwaka wa pili utakula nini?

Majuzi, shule zikikaribia kufunguliwa, alikuja mama mmoja na binti yake mwembamba mwenye miguu mirefu, miguu ya mtoto ambaye hajamaliza kukua. Gauni lilimkaa vizuri. Mama wa mtoto alilipinda chini akalitazama.

"Mwakani litamfaa?"

Dada yake alifungua mdomo. Mama Bure akamtangulia.

"Halitamfaa. Pindo ni dogo, halina cha kuteremsha. Kufika katikati ya mwaka litakuwa magotini."

Mama yule alilishika gauni muda mrefu. Akamtazama binti yake, akatazama vibanda vingine, vyote vina magauni yenye pindo dogo hivyo hivyo. Mwisho akalipa, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa, akaondoka na mtoto wake bila kuomba kupunguziwa.

"Wewe," dada yake alisema, "hujui kuuza hata kidogo."

"Sijui, dada," alijibu, akalichukua gauni jingine akalikunja.